Maneno Yaliyolala Kwetu

Mwalimu alikuwa akisema kwamba hakuna walimu wazuri wa Kiingereza kama wanasiasa, kwa sababu hawachoki kurudia. "Neno alilolisema Jumatatu, Ijumaa utalikuta bado liko mdomoni mwake," alituambia. "Kazi yako ni kulichukua tu. Hata hatajua kama ameibiwa." Tulicheka sana. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile nakunja uso, kwa sababu watu walikuja wakamchukulia yeye, na kweli hakujua. Nitafika huko. Naandika nikiwa na hasira, na anayesoma anivumilie, maana kila nikianza kumsimulia mzee huyu kwa upole hasira inanipita mbele.

Sitasema alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Hayo wa kwao Machame wanayajua. Mimi nilimjua Soweto, hapa Moshi mjini, katika chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, ambako baada ya kustaafu shule ya msingi alifundisha Kiingereza kwa Wachina. Ndiyo, kwa Wachina. Walikuwepo mafundi wa barabara, walikuwepo wenye maduka, na tulikuwepo sisi Watanzania wachache tuliojipenyeza. Mimi niliishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kufua na kupanga mashuka katika hoteli moja ya wapanda mlima. Ndoto yangu ilikuwa, na bado ni, kuwapandisha wageni wa Kichina mpaka kileleni nikiwaeleza kila ua na kila jiwe. Nilidhani nitaokota Kichina chao pale darasani. Niliokota Kiingereza, nacho si haba.

Ubao wake ulikuwa mlango wa kabati la zamani alioupaka rangi nyeusi. Kila asubuhi alisikiliza habari za Kiingereza redioni, akanunua gazeti moja, na jioni tukifika tulikuta maneno matano ubaoni, yote ya siasa: vikwazo, muungano, msemaji, kujiuzulu, hivyo hivyo. Alieleza maana, tukatamka, halafu akatoa amri ambayo sijaisikia kwa mwalimu mwingine yeyote. "Kalaleni nayo. Kesho mniambie yamefanya nini kwenu."

Maana yake ilikuwa hii: kila mtu aondoke na neno moja, alitafutie kazi nyumbani kwake, na kesho yake arudi na sentensi ya kweli. Siyo ya kutunga. Akiona umetunga alikuangalia tu juu ya miwani mpaka ukae chini mwenyewe. Sentensi ikiwa ya kweli, ndipo neno lilipoingizwa kwenye kaunta buku, lile daftari kubwa gumu ambalo wenye maduka huandikia bidhaa. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: Kiingereza, Kiswahili, Kichina, na sentensi ya aliyelala na neno.

Fundi mmoja wa barabara alipewa "sanctions", yaani vikwazo. Kesho yake akasema mkewe kule China amemwekea vikwazo: hatumi picha ya mtoto mpaka apige simu kila Jumapili. Tukacheka mpaka fundi cherehani akagonga ukuta. Mimi nilipewa "ceasefire", kusitisha mapigano. Sikuhangaika kutafuta. Mama yangu na shangazi walikuwa wakigombana juu ya mpaka wa migomba, na Krismasi ilikuwa inakaribia, ukoo wote unapanda kutoka Dar na Arusha, jiko ni moja. Nikaandika kwamba mama na shangazi wamesitisha mapigano hadi mwaka mpya, kwa sababu hakuna anayejua kupika mtori wa ndizi peke yake kwa watu hamsini. Mwalimu akasoma mara mbili, akasema, "Hii hata Umoja wa Mataifa wangeikubali," akaiingiza kwa wino mweusi.

Wa kunoga kuliko wote alikuwa dada mmoja wa Kichina mwenye duka la vyombo mjini: chupa za chai, mabeseni, vikombe vya rangi zote. Watu walimwita Mangi, kama tunavyomwita kila mwenye duka hapa kwetu, na jina likamkaa. Alikuja darasani kwa sababu ya barua. Ofisi moja ilimwandikia barua ya Kiingereza, akaipeleka kwa watu watatu wamsomee, na kila mmoja akaisoma kwa namna iliyomfaa yeye msomaji. "Nimechoka kusomewa," alimwambia Mwalimu siku ya kwanza, kwa Kiswahili safi cha sokoni. "Nataka kusoma mwenyewe." Alipopewa neno la serikali ya mpito, kesho yake alisema, "Ni mimi dukani, mume wangu akienda Dar. Tofauti ni kwamba mimi nafanya kazi."

Ni yeye aliyejaza ile safu ya Kichina. Sisi tukifunga mabegi yeye alibaki na kalamu yake nyembamba, akiandika taratibu kama anayedarizi. Mafundi wa barabara walikuwa wakimbishia, huyu anasema kwetu tunasema vile, yule anasema hivi, naye akiona ubishi umezidi alimpigia simu baba yake, ambaye naye alikuwa mwalimu kwao, wakajadiliana neno moja dakika ishirini. Mwalimu alisubiri mlangoni na kofuli mkononi.

Mwalimu alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Darasani alikataza kabisa kusema nani ana haki na nani hana. "Humu ndani hatuna chama," alisema. Fundi mmoja alimchokoza, "Mwalimu, lakini wewe uko upande gani?" Akajibu, "Upande wa ubao." Lakini ukimkuta peke yake na redio yake asubuhi, utamsikia toka barabarani: "Muongo wewe! Wiki iliyopita ulisema nini?" Mara moja nilibisha hodi katikati ya ugomvi huo, akazima redio haraka, akanifungulia, akanisalimu kama mtu aliyetoka kusali.

Ukichelewa dakika tano ulikuta mlango umefungwa. Ila ng'ombe wake alipozaa kule Machame, yeye alipotea siku tatu bila neno, tukawa tunakaa kizingitini kama kuku wa mvua. Siku ya nne akatokea na kidumu cha maziwa, akatugawia wote, akaandika maneno matano ubaoni. Hakusema samahani. Hilo neno halikuwemo kwake. Akikosea maana ya kitu alifuta ubao na kuandika upya, kana kwamba chaki ndiyo iliyokosea.

Na bado alikuwa na moyo. Mafundi wa barabara walikuwa wakiishi kambini kwa wali na makopo, basi Jumamosi alishuka na mkungu wa ndizi na nyama, akawafundisha kupika mtori nyuma ya cherehani. Mangi alionja akasema unafanana na uji wa bibi yake, ila wa bibi yake una adabu zaidi. Mwalimu alifurahi wiki nzima. Mimi akanitolea gazeti la zamani lenye picha za maua ya mlimani, akaniandikia majina yake kwa penseli pembeni. "Ndoto yako ni ndefu kuliko mlima wenyewe," alinifokea. "Lakini shika, uanze na maua."

Kingine ni lafudhi. Wachina wale walijifunza Kiingereza kwa mdomo wa Mwalimu, basi wakakitamka kimachame, kwa kuvuta mwisho wa sentensi na kuukandamiza. Ukifumba macho ungedhani mzee wa kanisa anasoma matangazo ya Jumapili. Fundi mmoja alirudi kutoka mkutano Dodoma akiwa anang'aa: mhandisi wa Kitanzania alimuuliza kwa Kiingereza kama ana ndugu Hai, wilaya ya kina Mwalimu.

Sasa naja kwenye hasira yangu.

Alikuja mkurugenzi wa chuo kimoja cha mjini, viatu vinang'aa, paketi ya biskuti mkononi. Nilikuwepo. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba." "Mwalimu, mtu kama wewe hafai kufichwa nyuma ya cherehani." Akasema chuo chake kinaanzisha masomo kwa wageni wa Kichina na wanamtaka yeye awe kiongozi wa somo. Ila bodi ingependa kuona anavyofundisha. Je, wangeweza kuazima lile daftari siku mbili? Mwalimu akaliinua kwa mikono miwili. "Hili ni daftari langu," akasema, na niliona alivyojaa fahari. Akampa.

Siku mbili zikawa wiki tatu. Daftari likarudi na doa la chai. Kisha wakamwita kwenye usaili, wakamuuliza cheti cha kufundishia wageni. Hana, ana cha kufundisha shule ya msingi na miaka yote ile ya chaki. Wakamwambia umri nao umekwenda. Na mkurugenzi, yule yule wa biskuti, akamalizia: "Halafu lafudhi yako, Mzee, ni ya mlimani mno."

Mzee! Siyo Mwalimu tena, Mzee.

Baada ya hapo mafundi wa barabara wakapelekwa na kampuni yao kwenye chuo hicho. Wenye maduka wakafuata mmoja mmoja. Alibaki Mangi na mimi, maneno matano ubaoni, watu wawili. Mwezi ulipoisha Mwalimu akarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, akapanda Machame na ule mlango wa kabati juu ya gari la majani ya ng'ombe. Mimi nilidhani ameshindwa na uzee, nikalia kidogo, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Mpaka siku niliyokuwa natandika kitanda cha mgeni mmoja wa Kichina. Kwenye mto kulikuwa na kitabu, jalada zuri, picha ya kilele cha Kibo, kichwa chake kinasema ni maneno ya habari za siasa kwa wanaozungumza Kichina. Nikafungua tu, niangalie. Safu nne. Nikafika kwenye neno la kusitisha mapigano. Na pale, kwa chapa, kwa rangi, walikuwa wamekaa mama yangu na shangazi yangu na mtori wa watu hamsini.

Nilikaa kwenye kitanda cha mgeni, kitu ambacho ni marufuku. Nikapekua. Mke wa fundi na picha za mtoto, yupo. Serikali ya mpito ya duka la vyombo, ipo. Jogoo wa mwenye nyumba, ambaye mmoja wetu alimpa neno "msemaji", yupo, mpaka na jogoo! Ukurasa wa mbele: jina la mkurugenzi, na chini yake shukrani kwa "timu yetu ya wataalamu". Mgeni aliporudi nikamwomba kitabu kwa Kiingereza changu chote cha kimachame. Akanipa, sijui kwa huruma au kwa woga.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda chuoni. Mkurugenzi alinipokea akiwa amesimama. Nikamwonyesha ukurasa.

"Binti," akasema, "maneno hayana mwenyewe. Yote yako kwenye kamusi."

"Na shangazi yangu yuko kwenye kamusi gani?"

Halafu akamwita mlinzi. Mlinzi alinisindikiza kwa upole mpaka getini, akaniuliza njiani, "Kwani huyo shangazi kafanya nini?"

Jumamosi nikapanda Machame. Nilimkuta Mwalimu kihambani kwake, katikati ya migomba, anakata mashina ya kumpa ng'ombe. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, nikampa kitabu bila utangulizi. Akanawa mikono, akakaa kwenye ngazi ya nyumba, akavaa miwani, akakisoma chote, toka jalada hadi jalada, mimi nimesimama. Kuna mahali alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

Hapo nikaanza. Nikasema twende kwa wakili, twende redioni, twende kwa mkuu wa wilaya, twende kwa askofu ikibidi. Nikasema wezi wakubwa, na biskuti zao.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza."

"Endelea, nasubiri."

Nikaendelea mpaka pumzi ikaisha. Akafungua kitabu katikati, akaweka kidole kwenye safu ya tatu. "Hapa pameandikwa nini?"

"Kichina. Mimi sijui kukisoma."

"Na mimi sijui. Hata neno moja." Akavua miwani. "Miaka minne nasema daftari langu, daftari langu, na safu nzima siwezi kuisoma. Bila safu hii hawa wangekuwa na haja gani na daftari? Huyu bwana ameandika jina lake juu ya kazi asiyoifanya. Sasa niambie, kwenye jalada la kaunta buku kulikuwa na jina la nani?"

Nililijua. Lilikuwa lake, peke yake, kwa wino mwekundu.

"Yule dada anaitwa nani?" akauliza.

"Mangi."

"Mangi ni jina?"

Uso ukaniwaka. Nikamgeuzia yeye hasira, kwa sababu ilikuwa lazima iende mahali. "Mwalimu, umekaa naye miaka minne!"

"Na wewe umekaa naye benchi moja."

Ng'ombe alitafuna. Kisha Mwalimu akainuka, akaenda mpakani mwa shamba, akavunja jani la sale. Kwetu sisi Wachaga, ukimkosea mtu kwelikweli, kosa ambalo mdomo peke yake hautoshi, unampelekea jani la sale, na akiliona mkononi mwako hawezi kukunyima msamaha. Nimeona ndugu waliotaka kutoana damu wakaketi meza moja kwa jani hilo. Lakini hapo nilipiga kelele. "Mwalimu! Anayetakiwa kupanda huku na sale ni mkurugenzi! Wewe ndiye uliyeibiwa!"

"Yeye ana siku yake," akasema. "Mimi siku yangu ni leo. Nisubiri nivae koti."

Tukashuka mjini. Mangi alikuwa anapanga chupa za chai kwenye rafu. Alimwamkia Mwalimu kwa furaha, kisha akaona anavyolishika lile jani, kwa mikono miwili, akaacha kupanga. Mwalimu akasema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kwamba kazi ilikuwa yao wawili na yeye aliiita yake, kwamba aliitoa nje bila kumuuliza mwenzake, na kwamba anaomba radhi. Mimi nilikuwa nikisikia neno hilo mdomoni mwake kwa mara ya kwanza.

Mangi akanigeukia. "Jani hili ni la nini?"

Nikamweleza.

"Nikikataa?"

"Halikataliwi, dada. Ni mila."

"Basi huku siyo kuomba. Huku ni kulazimisha." Alisema bila kupaza sauti, akikaza kifuniko cha chupa. Nikampa kile kitabu. Akasoma safu yake, kurasa tatu, nne, akarudi kwenye ukurasa wa mbele. "Baba yangu," akasema, "kila nilipompigia simu juu ya maneno haya aliniuliza, je, hao wanaandika jina lako? Nikamwambia ndiyo, baba, wanaandika. Nimemdanganya baba yangu miaka minne, Mwalimu. Bado anauliza kitabu kitatoka lini."

Mwalimu akalisogeza jani mbele kidogo.

"Mimi si Mchaga," Mangi akasema. "Kwa hiyo naweza kukataa. Lakini sikatai. Nasema bado. Siku nitakapomtumia baba kitabu chenye jina langu, nitalipokea jani lako. Sasa vuta kiti, tuandike barua."

Nilitaka kumtetea mzee. Kweli nilitaka, kusimama vile na sale mkononi mbele ya mtu ni jambo zito, na sijawahi kuona Mchaga aliyeachwa nalo. Lakini nilimwangalia Mangi, nikaona hasira yake ina umri mkubwa kuliko yangu, nikavuta viti viwili.

Tukaandika barua kwa chuo, lugha mbili, kwamba kitabu kichapwe upya na majina ya waliokifanya. Tukaandika majina ya wenye sentensi wote tuliowakumbuka. Mama na shangazi niliahidi kuwauliza kwanza, na nikawauliza, na shangazi alisema jina lake lisipotangulia la mama mapigano yanaanza upya. Mangi akaandika jina lake kwa herufi za kwao. Mwalimu akaomba kulinakili kwa mkono wake mwenyewe kwenye nakala ya pili. Akaanza kwa chini. "Siyo hivyo," Mangi akamwambia. "Anzia juu." Akafuta, akaanzia juu. Majina hayo, lake na la Mwalimu, sitayaandika hapa kabla hayajaandikwa kule yanakodaiwa.

Barua iligongwa muhuri mapokezi. Majibu hayajaja. Kwa hiyo kila Jumatatu Mwalimu anashuka kutoka Machame, anakaa kwenye viti vya mapokezi ya chuo mpaka saa sita, koti limefungwa vifungo vyote, na Mangi anafunga duka anakwenda kukaa naye. Siku nikiwa sina zamu tunakuwa watatu. Mkurugenzi ameanza kutumia mlango wa nyuma. Nafurahi kusema hivyo, sioni aibu.

Na lile jani liko dukani, linasubiri, ndani ya chupa ya soda yenye maji, kwenye rafu kati ya chupa za chai. Bado kijani. Juzi nilikuwa pale akaingia mama mmoja wa sokoni, akachagua beseni, macho yakaenda kwenye rafu. Sale dukani kwa Mchina! Akasogea.

"Mangi, na hili nalo unauza?"

"Hilo haliuzwi," akamjibu, akimfungia beseni lake. "Hilo lina kesi. Na mimi siitwi Mangi."